Chambo cha kufunga uzazi wa panya shamba: shajara ya mradi, Dodoma

Oktoba, wiki ya kwanza

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, na panya shamba (Mastomys natalensis) anaishi kwa kalenda hiyo hiyo. Mvua za kwanza zikishaotesha nyasi changa, majike huanza kuzaa baada ya mwezi mmoja hivi. Mimba ni siku 23. Uzao wa watoto 10 hadi 12 ni jambo la kawaida, na jike haishii uzao mmoja. Mradi wetu unatafuta chanjo ya kufunga uzazi ambayo panya ataila ndani ya chambo, ndiyo maana ratiba yake yote tunaihesabu kinyumenyume kutoka mvua ya kwanza. Kingamwili za kutosha zinahitaji wiki nne hadi sita na dozi zaidi ya moja, kwa hiyo chambo cha kwanza lazima kiwe kimeliwa kabla Novemba haijaisha. Kikiliwa Februari, tunamchanja jike ambaye tayari ana mimba.

Kinachotumika sasa mashambani ni sumu, hasa zinki fosfaidi inayogawiwa wakati wa mlipuko. Inaua haraka, lakini waliobaki wanapata chakula kingi zaidi, wanazaa, na msimu mmoja unatosha kurudisha idadi ilipokuwa. Panya aliyeonja kidogo akaugua bila kufa hagusi tena chambo cha aina ile. Jike asiyezaa anaendelea kushindania chakula na wanaozaa, bila kuongeza midomo shambani.

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kimeshajaribu njia ya homoni kwa panya huyu huyu: kwinestroli na levonojestreli ndani ya chambo. Ni kazi muhimu na tunaifuatilia kwa karibu. Ila homoni hupungua nguvu inapokwisha mwilini, na haichagui mnyama. Chanjo tunaitafuta ili mwili wa panya uendelee kujitengenezea kinga, na ili kinga hiyo ilenge panya kuliko wanyama wengine.

Oktoba 12: kuchagua shabaha

Shabaha mbili ndizo zinazozungumzwa zaidi katika fani hii. Ya kwanza ni GnRH, homoni ya ubongo inayoamsha mnyororo mzima wa uzazi. Chanjo ya sindano ya GnRH ipo: GonaCon ilisajiliwa Marekani mwaka 2009 kwa ajili ya paa wenye mkia mweupe. Inafanya kazi kwa jike na kwa dume. Lakini GnRH ni mnyororo mfupi wa amino asidi 10, na mnyororo huo ni ule ule kwa karibu mamalia wote: mbuzi, ng'ombe, mbwa, binadamu. Kwa sindano hilo si tatizo, kwa sababu mwenye sindano anachagua nani achomwe. Kwa chambo kilichowekwa pembeni ya shamba la mtama ambako mbuzi wanapita kila jioni, ni tatizo kubwa. Tumeiacha.

Ya pili ni ganda laini linalozunguka yai la jike, zona pelusida, hasa protini yake inayoitwa ZP3. Kingamwili zikilifunika ganda hilo, mbegu za dume hazishikilii. Mwaka 1989 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kipande kidogo tu cha ZP3 ya panya wa maabara, kikiunganishwa na protini kubwa ya kukibeba, kinatosha kuwafanya majike wasizae kwa muda mrefu. Mwaka 1997 ikaonyeshwa kwamba hata kwa mdomo inawezekana: panya waliolishwa bakteria wa Salmonella waliodhoofishwa na kupewa jeni ya ZP3 walitoa kingamwili hadi kwenye uke.

Hapa pana tahadhari ambayo wengi huiruka. Kipande hicho kina sehemu inayoamsha seli T (aina ya seli za kinga), na kwa baadhi ya koo za panya wa maabara kilileta uvimbe kwenye ovari, yaani mwili ulishambulia kiungo chake wenyewe. Jike hatazaa, ni kweli, lakini kwa njia ya ugonjwa. Hatutaki utasa wa namna hiyo. Kwa hiyo kila jike wa jaribio la vizimbani atapasuliwa mwishoni, ovari zote mbili zihifadhiwe kwenye formalini ya asilimia 10, zikatwe vipande vyembamba na kuhesabiwa vifuko vya mayai. Idadi ya watoto peke yake haitoshi kusema chanjo ni nzuri.

Jambo la kufanya kabla ya kuagiza chochote: kusoma mpangilio wa ZP3 ya Mastomys mwenyewe. Mastomys si panya wa maabara, na amino asidi moja ikitofautiana mahali pabaya, kingamwili zitashika vizuri kwenye kipimo cha sahani ya maabara na kuliacha yai. Ovari sita zimehifadhiwa kwenye kimiminika cha kulinda RNA (nakala ya jeni inayosomwa) na zimetumwa.

Oktoba 19: kitu hai au kisicho hai

Bakteria hai mwenye jeni ya kigeni hatutamweka shambani. Wakazi wa Dodoma wanaikumbuka Makutupora, ambako jaribio la mahindi yaliyobadilishwa vinasaba lilianza mwaka 2016 ndani ya uzio, na Januari 2021 Wizara ya Kilimo ikatangaza kusitisha majaribio ya aina hiyo. Hata bila historia hiyo tungeamua hivi hivi: kitu hai kinachoambukiza utasa hakirudishwi kwenye chupa. Australia walifika mbali na virusi vya panya vilivyobeba ZP3, na maabara ilikubali, lakini swali la nani atadhibiti virusi hivyo vikishatoka halikuwahi kuwa jepesi.

Zimebaki njia mbili zisizo hai, na zote zitajaribiwa vizimbani tu. Njia A: kipande cha ZP3 kilichotengenezwa kiwandani, kimeunganishwa na sehemu B ya sumu ya kipindupindu (CTB), ambayo haina madhara peke yake na hushika kuta za utumbo vizuri. Njia B: maganda matupu ya bakteria wa E. coli. Bakteria hutobolewa kwa jeni E ya kirusi PhiX174 inayoamshwa kwa joto la nyuzi 42, yaliyomo ndani yanamwagika, linabaki ganda lenye antijeni (kile ambacho kinga hufundishwa kukishambulia) kwenye ukuta wake. Ganda likikaushwa kwa kugandishwa halihitaji jokofu, na kwa mji wenye jua la Dodoma hilo lina uzito mkubwa.

Wasiwasi wetu kuhusu Njia A tunauandika mapema. Utumbo umeumbwa kuvumilia chakula. Protini ikija kwa wingi, mara nyingi na bila ishara ya hatari, mwili hujifunza kuinyamazia, na CTB ina tabia ya kuongeza kunyamaza huko. Watafiti wa Gothenburg, Uswidi, walilionyesha hilo mwaka 1994. Inawezekana kabisa tukampa panya chanjo tukawa tumemfundisha kuipuuza. Maganda ya bakteria yana faida hapa, kwa sababu ukuta wake wenyewe unaamsha kinga. Kila mkupuo wa maganda unapokelewa na kupimwa kwanza: miligramu 10 zinaloweshwa, zinapandwa kwenye sahani tatu za agari, zinakaa nyuzi 37 kwa saa 48. Kikiota hata kidoa kimoja, mkupuo mzima unaunguzwa.

Oktoba 27: vidonge vidogo, na maji ya Dodoma

Antijeni tupu ikimezwa inasagwa na tindikali na vimeng'enya vya tumbo. Inahitaji kifuko. Tumechagua alginati, ute unaotoka kwenye mwani wa bahari, ambao huganda ukikutana na kalsiamu.

Siku ya kwanza yote iliharibika. Alginati gramu 2 katika mililita 100 za maji ya bomba iligeuka kuwa uji wa mabonge yenye ngozi, ukiyapasua ndani ni unga mkavu. Sababu ni maji yenyewe. Maji ya visima vya ukanda huu ni magumu, yana kalsiamu, na alginati ilianza kuganda kabla hatujaitaka igande. Tangu hapo ni maji yaliyotoneshwa tu (kama maji ya betri, si asidi ya betri), hata kwa kusuuza bika. Unga unanyunyizwa kidogo kidogo huku maji yanazunguka, halafu unaachwa usiku kucha.

Tatizo la pili ni meno. Njia rahisi ya kutengeneza vidonge vya alginati ni kudondosha matone kwa sindano kwenye maji ya kalsiamu kloridi, na vinatoka vizuri, vya mviringo, milimita 2 hadi 3. Kwa kuku vingefaa, kwa sababu kuku anameza. Panya anatafuna. Tulimpa panya wa kizimbani vidonge 20 vyenye rangi ndani ya donge la unga: kinyesi chake cha usiku ule hakikuwa na kidonge kizima hata kimoja, na rangi ilikuwa imeshamwagikia kwenye manyoya ya kidevu. Kifuko lazima kiwe kidogo kuliko nafasi ya kati ya magego.

Sasa tunatumia njia ya mafuta. Kipimo cha mkupuo mmoja:

Mchanganyiko wa alginati mililita 100, ndani yake unga laini wa kalsiamu kaboneti gramu 0.5 na antijeni. Unamiminwa polepole kwenye mililita 300 za mafuta ya alizeti yenye gramu 3 za Span 80 (dawa ya kuzuia matone ya maji yasiungane ndani ya mafuta), pangaboi ikizunguka mara 800 kwa dakika. Baada ya dakika 15 tunaongeza asidi ya asetiki kali mililita 0.6, iliyokwisha kuchanganywa na mililita 20 za mafuta, tone kwa tone. Asidi inaingia ndani ya matone, inayeyusha kaboneti, kalsiamu inaachiwa, na kila tone linaganda kutokea ndani. Dakika 30 nyingine, kisha kusuuza mara tatu kwa maji yenye kalsiamu kloridi na Tween 80 kidogo (inaondoa mafuta kama sabuni), kwa sababu mafuta yakibaki vifuko vinashikamana vikikauka.

Kwa hadubini vinasoma mikromita 30 hadi 90. Asidi isizidi: mililita 0.6 ndiyo inayolingana na gramu 0.5 za kaboneti. Tulipoweka 1.5, vifuko viliganda kweli, lakini uchachu uliobaki ndani ungeharibu antijeni kabla haijafika popote.

Mafuta nayo yana mambo yake. Yale ya kukamuliwa mtaani, mazito na yenye harufu nzuri ya alizeti, ndiyo bora jikoni, lakini yana nta na gamu za asili zinazovuruga matone. Vifuko vilitoka vya kila ukubwa, vingine vimeungana kama shanga. Yanayofaa ni yaliyosafishwa mara mbili. Mafuta ya mtaani tumeyahamishia kwenye chambo, huko harufu inatakiwa.

Novemba 4: tumbo la nani?

Huu ndio ukurasa wa kusoma kwa makini kwa yeyote anayefanya kazi hii.

Vifuko vya Njia A vinavujisha, kwa sababu matundu ya alginati ni makubwa kuliko CTB. Vilihitaji koti la pili. Koti la kwanza tulilojaribu ni Eudragit S100, linalotumika kwenye vidonge vya binadamu, ambalo hufunguka pH (kipimo cha uchachu; namba ndogo ni uchachu mkali) inapofika 7. Kwenye tindikali lilikaa imara, tukafurahi. Kisha tukakumbuka kuuliza: pH 7 iko wapi ndani ya panya? Vipimo vilivyochapishwa vya panya wa maabara vinaonyesha tumbo lenye pH 3 akiwa ameshiba na 4 akiwa na njaa, na utumbo ambao kwa wastani haufiki 5.2. Koti la pH 7 lingesafiri na chanjo yote hadi kwenye kinyesi. Kila jedwali la viwanda vya dawa limeandikwa kwa ajili ya tumbo la mtu.

Tukahamia L100-55, linalofunguka kuanzia pH 5.5. Matokeo yalikuwa mazuri kupita kiasi: kwenye bafa (maji yanayoshikilia pH isibadilike) ya pH 5.5 vifuko viliyeyuka vyote ndani ya dakika 20, koti na alginati pamoja. Uzuri huo ulitutia shaka. Bafa tuliyotumia ilikuwa ya sitrati, na sitrati hunyakua kalsiamu. Ilikuwa inavunja alginati yenyewe, haikuhusiana na pH wala koti. Tuliporudia kwa bafa ya asetati ya pH ile ile, vifuko vilibaki vizima saa mbili nzima na koti lililegea tu. Kipimo cha Oktoba 30 na cha Novemba 2 vimefutwa kwenye daftari kwa mstari mmoja, sababu ikaandikwa pembeni. Mwenye kupima alginati asiguse sitrati, wala EDTA ambayo nayo hunyakua kalsiamu, na fosfati aitumie akijua inafanya nini.

Uamuzi: koti la kitosani (dutu ya magamba ya kaa na kamba), asilimia 0.3 katika maji yenye asidi ya asetiki asilimia 1, dakika 20 za kuzungusha, kusuuza. Linashika alginati kwa chaji za umeme na kuziba matundu, na halihitaji pH fulani ndipo lilegee. Kwa maganda ya bakteria ya Njia B koti halihitajiki sana, kwa sababu ganda lenyewe ni mikromita moja hadi mbili na halipenyi matundu. Hiyo ni alama nyingine kwa Njia B. Ganda likiachiwa utumboni lina ukubwa unaofaa kuchukuliwa na seli M, zile zinazofunika vifundo vya kinga vya utumbo mdogo. Vifundo hivyo kwa panya wa maabara ni takriban 6 hadi 12 tu, kila kimoja kama kichwa cha pini. Safari yote hii, kutoka kiwandani hadi shambani, ni kwa ajili ya kufika kwenye vichwa hivyo vya pini.

Novemba 10: donge

Karanga ndiyo ladha ambayo panya shamba haikatai, na mitego yetu ya Sherman (visanduku vya kunasa panya akiwa hai) yote inawekwa siagi ya karanga na pumba. Lakini mwaka 2016 Dodoma na Manyara zilikumbwa na sumukuvu, watu 68 waliugua na 20 walifariki. Sumukuvu hudhoofisha kinga ya mwili kabla haijaua. Chambo chenye karanga zilizovunda kingekuwa kinampa panya chanjo kwa mkono mmoja na kuizima kwa mkono mwingine, na tungelaumu antijeni bure. Kila gunia la karanga na la mahindi linapimwa kwa vijiti vya kupimia. Likizidi mikrogramu 10 kwa kilo, ambacho ndicho kiwango cha juu cha Afrika Mashariki kwa nafaka, halitumiki. Tumepunguza karanga na kuongeza mtama.

Kilo moja ya donge: unga wa mtama gramu 620, karanga zilizosagwa 150, mafuta ya alizeti ya kukamua 80, uji wa wanga wa muhogo uliopoa gramu 150 wa kushikisha. Vifuko vinaingia mwisho kabisa, kwa mkono wenye glavu, uji ukiwa umepoa kweli. Mchanganyiko unapitishwa kwenye mashine ya mkono ya kusagia nyama iliyoondolewa kisu, unatoka kama kamba, unakatwa vipande vya gramu 2. Kisu kikibaki ndani, kinafanya kazi ile ile ya meno ya panya. Vinakaushwa kivulini kwenye wavu siku mbili, chini ya nyuzi 40, hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 12.

Gramu 2 si namba ya kubahatisha. Panya mzima ana gramu 30 hadi 50 na hula chini ya moja ya kumi ya uzito wake kwa usiku. Donge la gramu 5 linaachwa nusu, na nusu ya donge ni nusu ya dozi.

Nta ya nje inazuia unyevu. Ya mshumaa ililainika juani na madonge yakashikana kwenye ndoo. Nta ya nyuki inayeyuka karibu nyuzi 63, na inapatikana kwa uhakika kutoka kwa warina asali wa Kondoa na Manyoni. Ila nyuzi 63 hizo hizo zinaua protini. Kuchanganya nta ya moto ndani ya unga ni kosa. Tunachovya: donge linashikwa kwa kibano, linaingia kwenye nta ya nyuzi 66 kwa hesabu ya moja, linatoka, linageuzwa, upande wa pili. Kipimajoto chembamba kilichochomekwa katikati ya donge la majaribio hakikupanda zaidi ya nyuzi 3. Ukihesabu hadi tatu kinapanda 11, na nta inakuwa nene kiasi kwamba panya anaibandua na kuondoka.

Novemba 17: kituo cha chambo

Kuanzia hapa hadi mwisho wa kazi ya shambani madonge ni matupu, hayana chanjo. Yana rangi ya rodamini B tu, gramu 1 kwa kilo.

Kituo ni bomba la plastiki la inchi 2, urefu wa sentimita 40, limepakwa rangi nyeupe. Bomba jeusi la maji lilisoma nyuzi 49 ndani saa 9 alasiri. Jeupe chini ya kichaka lilisoma 36. Inchi 2 inamzuia panya buku, ambaye hubeba chakula kwenye mashavu na kukilimbikiza shimoni, angemaliza vituo kumi kwa usiku mmoja. Inamzuia kanga pia. Donge linafungwa katikati kwa waya mwembamba wa kufungia nondo, ili liliwe pale pale lisihamishwe. Kila bomba donge moja, saa 12 jioni, na kufikia saa 1 asubuhi lililobaki linaondolewa na kupimwa.

Usiku wa kwanza mshindi alikuwa mchwa. Mabomba yaliyolala chini yalikuwa na udongo mbichi hadi katikati. Sisimizi nao walifuata mafuta. Mabomba sasa yanakaa juu ya mawe mawili, na kila jiwe lina duara la majivu. Majivu yanabadilishwa kila jioni, kwa sababu umande unayashikisha na sisimizi wanavuka.

Kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya mtendaji na afisa ugani, swali zito lilitoka kwa bibi mmoja: "Mwanangu, kuku wangu akidonoa hicho, atataga?" Jibu tulilompa ni hili: "Bibi, kilichomo sasa ni rangi tu. Na siku chanjo itakapokuja haitawekwa shambani mpaka tuwe tumeilisha kuku vizimbani na kuhesabu mayai yao." Ahadi hiyo imeingia kwenye mpango kazi: kuku 20, mitetea inayotaga, wiki 8, nusu wanalishwa, nusu hawalishwi. Mbuzi wanafuata.

Novemba 21 hadi Desemba 19: ndevu

Mizunguko mitatu ya chambo, siku 14 kati ya mmoja na mwingine, kwenye shamba lenye gridi ya mitego 100, mita 10 kati ya mtego na mtego. Mvua ya kwanza ya maana ilinyesha siku moja kabla ya mzunguko wa tatu.

Rodamini huingia kwenye nywele zinazoota. Kila panya aliyenaswa ananyofolewa ndevu nne, mbili kila upande, na si moja, kwa sababu ndevu zote hazikui kwa wakati mmoja. Iliyoacha kukua haiandiki chochote. Zinasuuzwa kwa ethanoli ya asilimia 70, zinalazwa kwenye kioo. Chini ya mwanga wa kijani wa hadubini ndevu ni giza kama uzi mweusi, halafu ghafla kipande cha milimita moja kinawaka rangi ya machungwa, kingo zake zimefifia pande zote. Hicho ni chakula cha usiku mmoja. Panya aliyekula mara mbili ana pete mbili, na nafasi kati yake ni wiki mbili za maisha yake.

Panya wanaonaswa kabla siku 7 hazijapita tangu kula hawana pete bado, wana mdomo wa waridi tu. Tulipoteza sampuli za mtego wa kwanza kwa kuharakisha. Glavu ni lazima pia: kidole chenye rangi kikigusa ndevu kinatoa mng'ao mahali pasipo pete, ila mng'ao huo upo juu ya ngozi ya nywele na unatoka kwa ethanoli, pete ya kweli haitoki.

Majike 23 walinaswa mtego wa mwisho. Wenye pete walau moja ni 17. Wenye pete tatu ni wanne.

Namba hiyo ya mwisho inabadilisha mradi. Kizimbani tulipanga dozi tatu kwa sababu ndivyo chanjo za mdomo zinavyofanywa, na tunaweza kumlisha kila jike kwa zamu. Shambani hatuna uwezo huo. Panya wengine wanakufa, wengine wanahama, na wengine siku hiyo walikula kwingine. Chanjo inayohitaji milo mitatu ingewafikia majike wanne kati ya 23. Kuongeza mabomba kutasaidia kidogo, na kuweka chambo siku tatu mfululizo kutasaidia zaidi, lakini siku tatu mfululizo si dozi tatu. Kwa utumbo ni mlo mmoja mrefu, na hapo hofu ya kunyamaza inarudi.

Kuna somo la karibu hapa Tanzania. Chanjo ya kideri ya I-2 inavumilia joto vizuri, na wafugaji wangependa sana kuichanganya na chakula cha kuku. Ilipopimwa hivyo, ilikinga kuku wachache kuliko tone la jicho. Tone linafika kwa kila kuku kwa kipimo kile kile, na chakula hakifiki hivyo. Panya hatuwezi kumtia tone la jicho.

Januari 15: vizimbani

Makundi manne ya majike 8: Njia A, Njia B, vifuko vitupu, na Njia B kwa dozi moja tu. Kundi la mwisho halikuwemo kwenye mpango wa Oktoba. Limeongezwa kwa sababu ya zile ndevu. Dozi siku ya 0, 14 na 28, saa nne bila chakula kabla ya donge ili liliwe lote. Damu inachukuliwa siku ya 0, 28 na 42, na uke unasuuzwa kwa mikrolita 50 za maji ya chumvi kwa ajili ya IgA, kingamwili za kwenye ute. Dume anaingizwa siku ya 45, anatolewa baada ya siku 15.

Hakuna dukani kingamwili ya pili, yaani ile inayoshika kingamwili za sampuli ili zionekane kwa rangi, iliyotengenezwa kwa ajili ya Mastomys. Ile ya kushika IgG (kingamwili za damu) ya panya wa maabara inamshika Mastomys vya kutosha, hilo linajulikana na tumelithibitisha kwenye sahani. Ya IgA bado inasuasua: vishimo vya sahani vya kulinganisha vinatoa rangi hata bila sampuli. Tumeongeza maziwa ya unga asilimia 5 ya kuziba, na kusuuza mara tano badala ya tatu. Rangi imepungua, haijaisha. Hadi iishe, matokeo yoyote ya IgA hayaandikwi.

Februari 9

Mpangilio wa ZP3 ya Mastomys umefika. Ndani ya kipande tunachokitumia kuna tofauti na panya wa maabara mahali ambapo kingamwili hushika. Njia A iliagizwa kwa mpangilio wa panya wa maabara kabla jibu halijarudi, ili kuwahi mvua, na hilo sasa linaonekana lilikuwa kosa la ratiba. Majike 8 wa kundi hilo wanaendelea hadi mwisho kwa sababu ovari zao bado zina la kutuambia. Kipande kipya kimeagizwa, kikiwa kimekatwa kile kisehemu kinachoamsha seli T.

Damu ya siku ya 0 imefungwa kwenye friza la nyuzi hasi 80, pamoja na nakala kwenye hasi 20 kwa sababu umeme ulikatika mara mbili wiki hii. Dozi ya pili imeliwa yote isipokuwa kizimba namba 19, ambako donge lilibaki na alama za meno upande mmoja: gramu 1.3. Limepimwa, limeandikwa, na jike huyo anahesabiwa peke yake. Dozi ya tatu ni Februari 12.